Mikato ya Ishango: Juu ya Uandishi wa Hisabati kwa Msomaji wa Kawaida

1.0 Utangulizi

Mijadala juu ya Kiswahili na elimu katika Kongo ya mashariki mara nyingi hukwama mlangoni mwa hisabati. Fasihi hukubaliwa, historia hukubaliwa, hata biolojia hukubaliwa kwa shingo upande. Lakini ikitajwa hisabati, mazungumzo hugeuka kuwa orodha ya istilahi zinazokosekana. Makala haya hayakusudii kuirefusha orodha hiyo. Yanauliza swali jingine, ambalo ni la kihakiki zaidi kuliko la kiistilahi: hisabati ikiandikwa kwa ajili ya mtu asiyeisomea, awe mkulima wa kahawa, mwanafunzi wa sheria au mfanyabiashara wa Butembo, inampa nini? Inampa hisabati yenyewe, au inampa habari za sifa ya hisabati?

Mfano uliochaguliwa si wa kutafutwa mbali. Ishango, mahali ambapo mto Semliki unatoka katika Ziwa Edward, ni mwendo usiofika kilometa 60 kutoka Butembo kwa mstari ulionyooka. Hapo ndipo kilipopatikana kifaa kidogo cha mfupa ambacho vitabu vingi vya historia ya hisabati hukitaja katika kurasa zake za kwanza kabisa. Yameandikwa mengi juu ya mfupa huo kwa Kifaransa, Kiingereza na Kiholanzi, na sehemu kubwa ya maandishi hayo imekusudiwa msomaji wa kawaida. Kwa hiyo ni mahali pazuri pa kupima jinsi uandishi wa namna hii unavyofanya kazi, na jinsi unavyoshindwa.

2.0 Kifaa chenyewe

Mwaka 1950 mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alikuwa akichimba Ishango katika masalio ya makazi ya wavuvi wa kale. Miongoni mwa vyusa vya mifupa na takataka za samaki aliokota mfupa wenye urefu wa sentimeta 10 hivi, wa rangi ya kahawia iliyokolea, ambao ncha yake moja imechomekwa kijiwe kigumu cha aina ya kwatsi. Mfupa huo ulipelekwa Brussels, na hadi leo unahifadhiwa katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi za Maumbile. De Heinzelin mwenyewe aliukadiria kuwa na umri usiofika miaka 10,000. Utafiti wa baadaye uliusogeza nyuma hadi kiasi cha miaka 20,000.

Kilichoupatia mfupa huo sifa ni mikato iliyochorwa ubavuni mwake. Mikato hiyo imepangwa katika makundi, na makundi yamepangwa katika safu tatu. Safu ya kwanza ina makundi ya mikato 11, 13, 17 na 19. Safu ya pili ina 11, 21, 19 na 9. Safu ya kati ina makundi manane: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Ukijumlisha, safu mbili za pembeni hutoa 60 kila moja, na ya kati hutoa 48.

Hayo ndiyo yote yanayoonekana kwa macho. Yanayobaki ni tafsiri, na tafsiri ndiyo maandishi yanayohakikiwa hapa.

3.0 Jinsi mfupa ulivyosimuliwa

Simulizi la kwanza kuwafikia watu wengi lilitoka kwa mvumbuzi mwenyewe, katika jarida la Scientific American, Juni 1962. De Heinzelin aliona katika safu moja namba nne zisizogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe, yaani namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Katika safu nyingine aliona hesabu ya makumi: 10 ongeza 1, 20 ongeza 1, 20 toa 1, 10 toa 1. Katika safu ya kati aliona kuzidisha kwa mbili: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Akahisi kwamba huo ulikuwa mchezo wa hesabu, na akakisia kwamba ujuzi wa Ishango huenda ulisafiri hadi Misri.

Muongo mmoja baadaye Mmarekani Alexander Marshack aliuchunguza mfupa kwa darubini, akasema si mchezo wala namba tasa bali ni hesabu ya siku za mwezi: 60 ni karibu miezi miwili ya mwandamo, 48 ni karibu mwezi mmoja na nusu. Claudia Zaslavsky, ambaye kitabu chake cha 1973 juu ya namba katika tamaduni za Afrika kilisomwa sana mashuleni Marekani, aliuliza ni nani aliyehitaji zaidi kuhesabu siku za mwezi kama si mwanamke, na kama basi wanahisabati wa kwanza hawakuwa wanawake. Wabelgiji Vladimir Pletser na Dirk Huylebrouck walikuja mwaka 1999 na hesabu ya kumi na mbili, kwa kuwa 60, 60 na 48 zote hugawanyika kwa 12. Na mwaka 2010 Mfaransa Olivier Keller, mwanahistoria wa hisabati, aliandika uhakiki mkali akiziita simulizi hizo ngano: alidai kwamba wasimulizi wameingiza katika mikato hisabati yao wenyewe.

Kwa hakika huu ni mjadala wa kuvutia. La kusikitisha ni kwamba mjadala wenyewe ndio unaopotea simulizi linapoandikwa kwa watu wengi. Kinachobaki ni sentensi moja: kwamba Mwafrika wa Ishango alijua namba tasa miaka 20,000 iliyopita. Sentensi hiyo imeenea katika vitabu vya mashule, katika hotuba na katika vipeperushi vya watalii. Inapendeza, na kwa msomaji wa Beni inapendeza mara mbili, kwa sababu inamwambia kwamba jambo kubwa lilianzia nyumbani kwake. Lakini haimpi kitu cha kufanya ila kupokea. Anaambiwa kwamba babu wa mababu alikuwa hodari wa hesabu, na yeye mwenyewe hapewi hata hesabu moja ya kuifanya.

Ikumbukwe kwamba hesabu iliyo hapa si ngumu. Yatosha kalamu na karatasi. Kwanza msomaji atazame safu mbili za pembeni, ataona kwamba namba zote nane ni witiri, yaani haziwezi kugawanywa kwa mbili bila baki. Kwa nini iwe hivyo hakuna ajuaye. Labda mchoraji alipenda hivyo, labda mfupa ulimlazimisha. Tuseme basi kwamba mchoraji wa safu ya kwanza alikuwa akichagua namba witiri nne tofauti kati ya 10 na 20. Namba witiri zilizopo hapo ni tano tu: 11, 13, 15, 17 na 19. Kuchagua nne kati ya tano ni sawa na kuiacha moja, na kuacha moja kati ya tano kuna njia tano. Ukiiacha 15, zilizobaki zote ni tasa, kwa kuwa 15 ndiyo pekee inayogawanyika, kwa 3 na kwa 5. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua chochote juu ya namba tasa, akichagua ovyo kwa namna hiyo, atazipata namba hizo nne mara moja katika kila mara tano. Uwezekano wa moja kwa tano si muujiza. Mchezaji wa kete hawezi kuushangaa.

Jambo la pili limejificha zaidi. Namba zile tano zikijumlishwa hutoa 75. Ukiondoa 11 hubaki 64. Ukiondoa 13 hubaki 62. Ukiondoa 15 hubaki 60. Ukiondoa 17 hubaki 58. Ukiondoa 19 hubaki 56. Simulizi nyingi huhesabu ajabu mbili katika safu hii: kwamba namba ni tasa, na tena kwamba jumla yake ni 60. Kumbe ajabu hizo mbili ni tendo moja, yaani kuachwa kwa 15. Aliyeiacha 15 amepata zote mbili kwa pamoja, apende asipende.

Na 15 yenyewe haikuondoka kabisa. Safu ya kwanza ni 15 toa 4, 15 toa 2, 15 ongeza 2, 15 ongeza 4. Safu ya pili, zikipangwa upya, ni 15 toa 6, 15 toa 4, 15 ongeza 4, 15 ongeza 6. Namba ambayo haikuchorwa popote ndiyo iliyo katikati ya safu zote mbili, na ndiyo sababu safu zote mbili zina jumla ya 60: mara nne 15. Msomaji anayelifikia jambo hili kwa kalamu yake huona kitu ambacho sentensi ile ya majivuno haikumwonyesha. Lakini papo hapo inampasa ajiulize: je, mchoraji aliiona 15, au aliyeiona ni msomaji? Hilo ndilo swali la Keller, na msomaji amelifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Juu ya safu ya kati yatosha kusema kwamba simulizi la kuzidisha kwa mbili hufika hadi 10 na 5, kisha hunyamaza. Makundi ya mwisho, 5 na 7, hayamo katika mpango huo. Mwandishi mwaminifu angeyataja, wengi hawayataji. Kuhusu hesabu ya kumi na mbili, mkato mmoja tu ukiwa umefutika kwa uzee, au ukiwa ni mkwaruzo uliohesabiwa kwa makosa, 48 huwa 47 au 49, na mpango wote huanguka. Aidha, aliyejaribu makumi, akajaribu dazeni, akajaribu mwezi, akajaribu namba tasa na kuzidisha kwa mbili, ana funguo nyingi mkononi. Mwenye funguo nyingi hakosi mlango wa kufungua.

Isieleweke hapa kwamba mfupa hauna thamani. Mtu aliyekata makundi kumi na sita ya mikato kwa mpangilio wa safu tatu alikuwa akitenda jambo kwa makusudi, na kuweka alama moja kwa kitu kimoja ni mwanzo halisi wa kuhesabu. Hilo linatosha kuupa mfupa heshima yake. Haihitajiki kumfanya mvuvi wa Semliki kuwa profesa wa nadharia ya namba ili wajukuu wake waruhusiwe kupenda hisabati.

4.0 Kumpa msomaji kazi

Jarida lililochapisha makala ya de Heinzelin mwaka 1962 lilikuwa wakati huohuo na safu ya michezo ya hisabati iliyoandikwa na Martin Gardner kwa kiasi cha robo karne. Gardner hakuwa mwanahisabati. Shahada yake ilikuwa ya falsafa. Labda hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yake. Alilazimika kujieleza mwenyewe kila jambo kabla ya kumweleza mwingine, na mara chache alimwambia msomaji kwamba hisabati ni nzuri. Alimpa fumbo, akamwacha nalo mwezi mzima.

Kwa Afrika mfano ulio bora zaidi, na ulio karibu zaidi na hali ya hapa, ni wa Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki mwaka 2014. Gerdes aliandika juu ya vikapu na mikoba ya Inhambane, na zaidi juu ya michoro ya mchangani ya Wachokwe, watu waishio Angola na vilevile Kongo na Zambia. Msimulizi wa Kichokwe husawazisha mchanga, hudonoa nukta kwa ncha za vidole katika safu zilizolingana, kisha hadithi ikiendelea huchora mstari unaozizunguka nukta hizo bila kuinua kidole. Katika namna moja ya michoro hiyo, mstari hupita mshazari baina ya nukta, na ukifika ukingoni hurudi kama mpira uliogonga ukuta, hadi ujifunge ulikoanzia.

Mtu yeyote anaweza kuijaribu michoro hii katika vumbi la uani. Nukta zikiwa safu 2 za kulala na safu 3 za kusimama, mstari mmoja huzizunguka zote. Zikiwa 2 kwa 4, mstari hujifunga mapema, na unahitajika wa pili. Zikiwa 3 kwa 3 inahitajika mitatu. 4 kwa 6, miwili. 3 kwa 5, mmoja. Baada ya kujaribu mara kadhaa mkono huanza kutabiri, na kinachotabiriwa ni kile ambacho vitabu vya shule za msingi vya Tanzania hukiita Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba mbili. Jina ni zito, lakini kidole kilikwisha kulijua jambo lenyewe kabla ya jina kufika.

Hapa ndipo ilipo tofauti kati ya Gerdes na wasimulizi wengi wa Ishango. Wote wawili wanasema kwamba Afrika ina hisabati yake. Lakini Gerdes analithibitisha dai hilo mikononi mwa msomaji, na msomaji asiyeridhika anaweza kuchora tena akamkanusha. Fahari inayotokana na kazi ya namna hiyo haihitaji mtu wa kuilinda.

5.0 Suala la lugha

Hurudiwa mara kwa mara kwamba Kiswahili hakina maneno. Dai hili lingekuwa na mashiko miaka ya sitini. Tanzania imefundisha hisabati kwa Kiswahili katika shule za msingi tangu 1967, na kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilionyesha kwamba hata sayansi zenye istilahi nyingi zaidi zinawezekana. Tatizo la Butembo na Beni ni jingine: maneno yapo, lakini hayakupita mpaka.

Katiba ya 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za kitaifa, na kwa desturi mtoto wa Kivu huanza shule kwa lugha ya kitaifa kabla ya kukabidhiwa kwa Kifaransa. Matokeo yake husikika sokoni. Mtu huanza kuhesabu kwa Kiswahili, na namba zikikua humalizia kwa Kifaransa. Penye mpaka wa Kasindi, chini ya milima ya Ruwenzori, wabadilisha fedha huvusha franga za Kongo, dola za Marekani na shilingi za Uganda kutoka kiwango hadi kiwango bila karatasi, kisha wakiulizwa husema hawajui hesabu. Wanamaanisha hawajui hesabu ya shuleni, ambayo kwao ni jambo la Kifaransa.

Kwa hiyo mwandishi wa hisabati kwa msomaji huyu hana budi kuchagua maneno yake kwa makini kuliko mwenzake wa Dar es Salaam. Chukua namba tasa. Kwa mwenye Kiswahili cha pwani istilahi hii ni sitiari iliyo wazi: tasa ni asiyezaa, na namba hizi hazikuzaliwa na kuzidishana kwa namba ndogo zaidi wala hazitoi vigawo. Sitiari hiyo si kamili, kwa sababu namba tasa ndizo zinazozaa nyingine zote kwa kuzidishwa, na mhakiki mkali angesema kwamba aliyezipa jina alizionea. Lakini kwa msomaji wa Beni aliyezoea zaidi neno mgumba, tasa si sitiari hata kidogo. Ni sauti ya kukariri. Ikiongezwa sentensi moja ya maelezo, anairudishia uhai. Isipoongezwa, istilahi ya Kiswahili inakuwa ngeni kwake sawasawa na ya Kifaransa, ila hii ya Kifaransa angalau aliisikia darasani.

Vivyo hivyo kwa sehemu. Nusu inajulikana kote. Theluthi na robo hufahamika kwa kusuasua. Sudusi, ambayo pwani ilitunzwa na hesabu za mirathi, na tusui hazina wa kuzitambua Butembo, na hapana haja ya kuzilazimisha: sehemu moja ya sita na sehemu moja ya tisa zinaeleweka mara moja, na tena zinaonyesha kinachogawanywa. Upande wa makumi Kiswahili cha Kongo kina faida ambayo watetezi wa usanifu hawaitaji. Pwani husema ishirini, thelathini, arobaini, maneno yaliyotoka Uarabuni na ambayo mtoto hana njia ila kuyakariri. Mkongo husema makumi mbili, makumi tatu, makumi ine. Mwanasarufi atasikia upatanisho uliolegea na hiyo ine isiyo nne, lakini mwalimu wa hesabu atasikia mfumo wa makumi ukijieleza wenyewe. Kitabu cha hisabati kinachoandikwa kwa wasomaji wa Kivu na kinachofuta namna hiyo ya kuhesabu kwa jina la usanifu kitakuwa kimefuta somo lake la kwanza.

6.0 Namba zilizofika bila maelezo

Huenda ikadhaniwa kwamba suala hili ni la burudani tu, jambo la watu wenye nafasi. Historia ya karibuni ya Beni na Butembo haikubaliani na dhana hiyo. Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola uliogunduliwa Mangina, karibu na Beni. Ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Waliohesabiwa kuwa wagonjwa walikuwa 3,470, ambao kati yao 3,317 walithibitishwa kwa vipimo na 153 walidhaniwa. Waliofariki ni 2,287. Kwa miezi karibu ishirini na tatu watu wa miji hii waliishi na namba kila siku, kwenye redio, kanisani na sokoni. Wakati huohuo uvumi ulienea, na mwanzoni mwa 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Chuki hiyo ilikuwa na sababu nyingi, za kisiasa na za usalama, na ingekuwa upuuzi kusema kwamba hesabu ingeizuia. Hata hivyo namba zenyewe zilistahili kuandikwa kwa namna nyingine.

Asilimia 66 ya vifo, mathalani, ni namba inayopita masikioni. Wawili kati ya watatu ni namba inayokaa. Na msomaji akishaambiwa wawili kati ya watatu, anaweza kuuliza swali la maana: watatu gani? Wote waliougua, au wale tu waliohesabiwa? Waliokufa nyumbani bila kupimwa wanaingia wapi? Maswali hayo ndiyo takwimu yenyewe, na si uasi.

Mfano ulio mzito zaidi ni wa siku 42. Muda mrefu kabisa kati ya kuambukizwa na kuugua hukadiriwa kuwa siku 21. Mlipuko huhesabiwa kuwa umekwisha zikipita mara mbili ya hizo bila mgonjwa mpya. Aprili 2020 kila mtu Beni alikuwa akihesabu. Mwisho ulitazamiwa kutangazwa tarehe 12. Tarehe 10, baada ya siku 52 bila mgonjwa, alipatikana mgonjwa mpya mjini Beni, na hesabu ikaanza upya. Kwa msikilizaji wa kawaida habari hiyo ilikuwa na mafumbo mawili. Ikiwa zinahitajika siku 42, na zimepita 52, mbona mwisho ulikuwa bado haujatangazwa? Na kwa nini mtu mmoja afute siku zote zilizopita?

Majibu yote mawili ni ya hisabati ndogo. Siku 52 zilihesabiwa tangu mgonjwa wa mwisho alipogunduliwa. Siku 42 zilihesabiwa tangu yeye huyo alipopimwa mara ya pili na kuonekana hana virusi tena. Mwanzo ni tofauti, kwa hiyo hesabu ni tofauti. Msemaji wa Kiswahili ni mtu wa mwisho kuhitaji kufundishwa kwamba mahali pa kuanzia ndipo panapoamua jibu: yeye ndiye anayeita saa moja asubuhi kile ambacho redio ya Kifaransa hukiita saa saba, na hakosei safari. Na kuhusu mtu mmoja kufuta siku zote, mgonjwa mpya ana watu aliowagusa, na kila mmoja wao anayo 21 yake inayoanza leo. Siku zilizopita hazihesabiki kwao. Hayo yangeweza kuelezwa kwa aya moja ya Kiswahili na mchoro mmoja.

7.0 Kuhusu kitabu ambacho kingefaa kuandikwa

Kitabu cha Kiswahili juu ya mfupa wa Ishango, kwa msomaji wa Butembo na Beni, kingekuwa kitabu chembamba. Kingetumia makumi mbili na ishirini bila kuomba radhi kwa yoyote kati ya hizo. Kingeeleza neno tasa mara moja, mahali linapohitajika, na si katika faharasa. Kingesema mfupa uko Brussels, na kwamba anayeandika na anayesoma wanatazama picha.

Jambo moja la uchapaji lina uzito kuliko yote hayo. Michoro ya mfupa katika vitabu vya watu wote mara nyingi huwa na namba zilizokwisha kuandikwa pembeni mwa kila kundi: 11, 13, 17, 19. Msomaji huzisoma namba na haitazami mikato. Katika kitabu hicho picha ingepaswa kuchapwa kubwa, ukurasa mzima, pande zote za mfupa, bila namba hata moja, na nafasi tupu pembeni yenye upana wa kutosha kwa penseli. Tafsiri ya de Heinzelin, ya Marshack na ya Pletser zingeanza ukurasa unaofuata, nyuma ya karatasi hiyohiyo, na makundi ya 5 na 7 yangeachwa kama yalivyo.